Pimamaji Juu ya Meza Namba Moja

Bingwa wa mwaka jana alitolewa Jumanne saa kumi na nusu, raundi ya kwanza ya mashindano ya snuka, na mtu anayeendesha lori la simiti. Fremu tano kwa mbili. Dereva huyo wenzake walimwita Nyundo, kwa jinsi alivyoupiga mpira mweupe kana kwamba umemtukania mama yake, na kabla ya siku hiyo hakuna gazeti lililowahi kuwa na picha yake. Bingwa alimpa mkono, akafungua tai yake ya kipepeo, akapita mbele ya kamera kimya. Alipofika nyuma ya pazia ndipo alipoyamwaga.

"Ile meza imelala," alimwambia mkurugenzi wa mashindano. "Ukiupiga mpira polepole unakwenda nusu ya njia na akili zake, halafu unakumbuka kwenda kushoto."

Fundi wa meza alikuwa amesimama hatua tatu kutoka hapo, brashi mkononi, na maneno yote yalimwingia. Meza namba moja ilikuwa yake. Kila asubuhi saa kumi na mbili aliingia ukumbini peke yake, akajifunga kanga kiunoni, akakipiga brashi kitambaa cha kijani kuelekea upande wa mpira mweusi, akapitisha pasi kuelekea hukohuko. Mwisho aliweka pimamaji lake juu ya meza, pembe kwa pembe, na kungoja kiputo cha hewa kitulie katikati. Kazi hiyo alifundishwa na baba yake. Sasa ulikuwa mwaka wa kumi na tisa, na watu walishazoea kumwita Fundi tu, hata mumewe, akiwa na jambo la maana. Baba alimwachia pimamaji, spana na sharti moja: meza hupimwa ukumbi ukiwa mtupu, kabla mguu wa mtu haujatikisa kitu.

Na asubuhi ya Jumanne kiputo kilikaa katikati, kimetulia kama mtoto aliyeambiwa asiguse kitu nyumba ya watu.

Jumatano akatolewa mrefu mmoja ambaye watu walikuwa wameshamwandalia nafasi ya fainali. Alhamisi akatolewa babu mmoja mwenye mkono laini, aliyekuwa hajapoteza raundi ya pili kwa miaka minane. Wote kwenye meza namba moja. Kule ukumbi mdogo, kwenye meza namba mbili, waliotarajiwa kushinda walishinda na kwenda zao. Magazeti yakafurahi. Mkurugenzi hakufurahi. Ijumaa alimwita Fundi ofisini, akamwonyesha kiti, yeye mwenyewe akabaki amesimama.

"Sina ugomvi na wewe, mama," alisema. "Lakini watatu ni wengi. Nimemwita fundi mwingine, anafika Jumapili asubuhi kabla ya fainali. Akikuta meza iko sawa, yameisha. Akikuta haiko sawa, utampa ufunguo wa ukumbi, na mwakani usijisumbue kuja."

"Nimepima kila siku," Fundi alisema.

"Ndiyo maana nataka apime mtu mwingine."

Jumamosi mchana Fundi alikaa na wifi yake katika chumba cha kuwekea viti vibovu, wanakunywa chai. Wifi huyu, dada wa mumewe, ndiye aliyekuwa akiwaonyesha watu viti vyao ukumbini, na mdomo wake haukuwahi kupata likizo.

"Wifi, usipoinywa hiyo chai nitainywa mimi. Yangu nimeshamaliza."

"Hebu nitajie waliotolewa kwenye meza yangu."

"Bingwa. Huyo amekufa na tai shingoni, tena ya kipepeo. Halafu yule mrefu anayepuliza vidole. Halafu yule babu anayeusukuma mpira kama anaamsha mtoto wa watu."

"Wote wapole," Fundi alisema taratibu.

"Wapole wapi! Yule mrefu alinifokea kisa kiti chake kina kelele."

"Mkono, wifi. Nasema mkono. Wote wanapiga polepole."

Hilo alikuwa ameliona mapema, ila hakulijua maana yake. Siku nne alisimama kwenye upenyo wa pazia akiwaangalia. Mchezaji akikosa kwa kosa lake mwenyewe hutazama mpira. Hawa kila walipokosa walitazama ncha ya fimbo, wakapaka chaki tena, wakatazama tena, kama mtu anayekagua kiatu baada ya kujikwaa mahali pasipo na jiwe. Mpira uliopigwa kwa nguvu hauna muda wa kupinda, umeshafika. Ule wa polepole husikia kila kilichoko chini yake. Na Nyundo hakuwahi kupiga mpira polepole tangu azaliwe.

"Basi meza imelala kweli," wifi alisema.

"Asubuhi haijalala. Nimepima siku sita mfululizo."

"Labda inalala mchana, kama kaka yangu."

Fundi alicheka, kwa sababu ilikuwa kweli, mumewe akishakula mchana hata kengele ya moto haimwamshi. Wifi alipoona amecheka, akaendelea. "Mimi nitajua nini mambo ya meza? Mimi najua sakafu tu. Asubuhi natembea pale hata mbao haziguni. Watu wakishakaa upande wetu ule, zinalia mpaka naona haya, kama kitanda cha chumba cha wageni."

Fundi akaweka kikombe chini.

Ukumbi ule zamani ulikuwa wa sinema. Sakafu yake ya asili iliteremka kuelekea mbele, kwa hiyo juu yake walijenga nyingine ya mbao, bapa, inayobebwa na nguzo fupi. Mwaka jana viti vilipangwa pande zote mbili za meza, mia mbili huku, mia mbili kule. Mwaka huu kamera zilichukua upande wote wa kulia, na viti vyote mia nne vikahamishiwa kushoto. Meza ya mawe yenye uzito wa gari dogo ilisimama katikati, juu ya mbao hizohizo. Ukumbi mdogo ulikuwa na sakafu ya saruji.

"Wifi," alisema, "miaka kumi na tisa napima meza wakati hakuna mtu."

"Sasa ulitaka uipime na nani?"

Jumapili asubuhi fundi mwingine alifika na sanduku la mbao begani, mtu mpole wa rika lake, aliyesafiri saa sita na bado akaomba maji ya kunawa kabla ya kugusa kitambaa. Alipima pembe zote nne, akapima katikati, akainama na kuangalia kiputo kwa jicho moja. Mkurugenzi alikuwa nyuma yake, mikono mfukoni. Fundi alisimama kando, ufunguo wa ukumbi umemjaa kiganjani.

"Iko sawa," fundi mgeni alisema. "Tena imekaa vizuri kuliko nyingi nilizozipima."

Mkurugenzi akashusha pumzi. Akampa Fundi mkono. "Samahani, mama. Basi Bingwa alishindwa kama watu wengine wanavyoshindwa."

Hapo angeweza kujifungua kanga na kwenda kunywa chai. Mafundi wawili wamepima, wote wamesema sawa. Hata fainali ikiharibika, hakuna ambaye angemgeukia yeye. Lakini fainali ilikuwa kati ya Nyundo, aliyeshinda raundi zake zote kwenye meza namba moja, na mzee mmoja wa miwani waliyemwita Profesa, aliyefika hapo kwa kupita meza namba mbili, na Profesa ndiye aliyekuwa na mkono mpole kuliko wote.

"Ipimwe tena saa nane, watu wakishakaa," Fundi alisema. "Nadhani sakafu inabonyea."

"Saa nane kamera zinawaka," mkurugenzi alisema. "Mafundi wawili mmesema sawa. Mama, umeshapona. Usianze kujitafutia ugonjwa."

Saa nane kasoro dakika kumi ukumbi ulikuwa umejaa mpaka viti vya nyuma. Nyundo amekaa kwenye kona yake, magoti yanacheza. Profesa kwenye yake, anafuta miwani. Kupiga brashi ya mwisho kabla ya mchezo ilikuwa haki ya Fundi, na mwisho wa brashi yeye huviringisha mpira mmoja mara moja, kwa mazoea tu, hata yeye mwenyewe haangalii unakokwenda. Chini ya miguu yake alizisikia mbao zikilia, kama wifi alivyosema.

Aliweka mpira mweupe mwisho wa meza, akausukuma kwa vidole viwili, polepole kabisa, kando ya mstari ulionyooka. Mpira ukaenda nusu ya njia na akili zake. Halafu ukaenda kushoto. Uliposimama ulikuwa umepotea upana wa vidole viwili.

Akaurudisha, akausukuma tena. Vidole vilevile viwili.

Angeweza kuuokota na kutoka. Kwenye skrini kubwa watu waliona mama mwenye kanga anachezea mpira, basi. Akapiga moyo konde, akamgeukia refa.

"Meza haiko sawa."

Hakusema kwa sauti kubwa, ila kipaza sauti cha refa kilikuwa wazi, na watu mia nne wakasikia. Mkurugenzi alikuja kwa vidole vya miguu, uso unatabasamu kwa ajili ya kamera, meno yameng'atana.

"Unajua unachofanya?"

"Najua. Asubuhi ilikuwa sawa. Sasa watu wamekaa upande mmoja, sakafu imekwenda nao."

Fundi mgeni aliinuka kutoka kiti cha mbele. Akaweka pimamaji lake mwenyewe juu ya meza, akaangalia, akaangalia tena. Kisha akavua koti, akalikunja, akapiga magoti upande wa kushoto. "Nipe spana," alimwambia Fundi. "Wewe angalia kiputo."

"Spana nashika mimi," Fundi alisema. "Kiputo angalia wewe."

Ikachukua dakika ishirini na tano. Fundi alilala chali chini ya meza, akiinua miguu ya kushoto kwa kuzungusha skrubu robo robo. Fundi mgeni alikuwa juu akisema bado, bado, rudisha kidogo. Mlangoni wifi alikuwa amefungua mikono yote miwili.

"Mtu asiinuke! Wewe mwenye kofia, kaa! Ukiinuka wewe meza inapanda!"

"Mimi nataka choo, dada," mwanamume mmoja alilalamika.

"Utajibana, baba. Leo wewe ni sehemu ya meza."

Ukumbi ukaangua kicheko. Nyundo peke yake hakucheka. Aliinama kwenye kiti chake mpaka akamwona Fundi pale chini.

"Kwa hiyo mama, wote niliowatoa niliwatoa kwa meza mbovu?"

Fundi hakuacha kuzungusha. "Uliwatoa kwa meza iliyokuwa moja kwako na kwao. Wao waliendelea kupiga polepole, wewe ukapiga kwa nguvu."

"Lakini mimi sikujua."

"Hata mimi sikujua."

Nyundo akaanza kupaka chaki fimbo ambayo ilikuwa na chaki tayari.

Fainali ilikuwa ya kufikisha fremu saba. Profesa alichukua nne za kwanza bila kutoka jasho. Mpira wake ulitembea kwenye kitambaa kama unafuata barabara uliyoizoea. Watu wakaanza kunong'onezana kuwa meza ndiyo iliyombeba dereva wa watu, sasa imemtua. Nyundo alisikia. Alipiga kwa nguvu zaidi, akarudisha fremu tatu, na katika fremu ya nane mpira mweupe ulipojificha nyuma ya wa kijani hakuwa na njia ila kuusukuma taratibu. Akausukuma. Ukaenda moja kwa moja. Nyundo akabaki ameinama, anautazama mpira kama mtu aliyeitwa jina lake mahali asipojulikana. Tangu hapo alichanganya, mara nguvu, mara upole, na ikafika sita kwa tano, Profesa akiwa mbele. Fremu ya mwisho alibakiwa na mpira wa bluu kwenye mdomo wa mfuko wa katikati. Upole aliokuwa nao alikuwa ameujua kwa saa moja tu, na ulipungua kidogo. Mpira mweupe haukuufikia ule wa bluu, ukasimama pembeni yake. Profesa akamaliza kazi. Saba kwa tano.

Nyuma ya pazia mkurugenzi alimkuta Fundi anafunga brashi kwenye kitambaa chake.

"Wiki nzima ya matokeo umeipaka matope mbele ya kamera," alisema. "Bingwa atapiga simu leo leo. Nimwambie nini?"

"Mwambie alisema kweli. Na nilikosea mimi, nilipima meza nikasahau sakafu."

"Basi huo ufunguo..."

"Mheshimiwa," fundi mgeni aliingilia, koti begani, "mimi nimesafiri saa sita, nikapima, nikakwambia iko sawa. Kama ni kufukuza, tufukuze wote wawili, ubaki na masanduku yetu."

Mkurugenzi alimtazama huyu, akamtazama yule. Ukumbini watu walikuwa wanatoka, na mbao zilisikika zikipumua moja moja kadiri viti vilivyoachwa. Wote watatu walizisikiliza.

"Sakafu itafumuliwa mwezi ujao," mkurugenzi alisema mwishowe, na sauti yake haikuwa na upole wowote. "Uwepo ikifumuliwa. Na mwakani utapima na watu, sijui utawatoa wapi."

Akaondoka bila kudai ufunguo. Wifi, aliyekuwa amesimama karibu kwa bahati mbaya ya makusudi, akasema watu atawatoa yeye, wa kukaa tu hawajawahi kukosekana kwenye ukoo wao, aanzie na kaka yake.

Nyundo alikuja wa mwisho, fimbo yake imeshaingia kwenye mfuko wake. Alisimama mbele ya Fundi.

"Ungenyamaza ningekuwa bingwa," alisema.

"Huenda."

"Ningependa kukukasirikia, lakini sijui nianzie wapi." Akajikuna shingo pale tai ilipomkwaruza. "Njoo basi unipimie ile ya klabuni kwetu. Nadhani ndiyo iliyonifundisha kupiga kwa nguvu."

"Iko juu ya sakafu gani?"

"Mbao."

"Na watu hukaa upande gani?"

Nyundo alifikiri. "Wote? Upande wa kaunta. Kwenye vinywaji."

"Siku nikija," Fundi alisema, akifunga pimamaji ndani ya kanga, "waambie wawepo wote, na wakae hukohuko."