Mkojo wa Shemeji

Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa bahili hata kwa mgongo wake mwenyewe. Alikuwa fundi wa paa. Alianguka, uti wa mgongo ukaungwa kwa vyuma, na hospitali ikampa vidonge vikali vya kutuliza maumivu. Siku za kushinda kitandani alijikaza asivimeze. Aliviweka kwa siku za kwenda karakana, ambako sasa alitengeneza viti. Bila vidonge hakuna kazi, na bila kazi dada na watoto wangekula nini?

Kisha wakubwa wakagundua kwamba vidonge hivyo, vikiuzwa mtaani, vinaua watu. Ni kweli, vinaua. Wakaunda kamati, maana kuharibu jambo bila kamati hakunogi. Kamati ikaamuru kila mgonjwa apimwe mkojo: asiyekutwa na dawa mwilini basi anaiuza, asipewe tena.

Shemeji alipimwa baada ya siku za kujikaza. Mkojo ukatoka safi, na usafi huo ndio ukawa kosa lake. Nilikuwepo. Alieleza kwamba anabana matumizi tu, akaomba alete kopo lenye vidonge vilivyobaki wajionee. Daktari, kijana mstaarabu, alisema mkojo safi maana yake anauza dawa, na utaratibu ni utaratibu, akampa karatasi yenye picha za mazoezi ya kupumua badala ya vidonge. Shemeji akapumua. Nashuhudia, alipumua sana.

Kopo lilipoisha, alinunua kwa jamaa wa nyuma ya gereji, asiyepima mkojo wala kuuliza maswali. Vidonge vilifanana na vya hospitali, rangi hadi alama. Ndani kulikuwa na kitu kingine, kikali kupita kiasi. Alimeza kimoja asubuhi, akaketi avae viatu vya kazi, akafia pale pale. Nina hasira mpaka leo, na asije mtu kunipoza.

Tulipokwenda hospitali kuchukua mwili, daktari yuleyule alitupa pole. Akatueleza kwamba vidonge wanavyotoa vimepungua mno, wanapongezwa kila mahali, ila vifo havipungui, na hilo ndilo linalowashangaza. Kisha akamuuliza dada, kwa upole kabisa, kwa nini mumewe alikimbilia vya mtaani badala ya kuja hospitali.

"Alikuja," dada akasema. "Alikaa mbele yako, ukamwambia anauza dawa."

Daktari akamwomba amkumbushe jina la mumewe.