Nafasi ya Lulu Moja

Mwavita alikuwa akiushusha uzi wa hariri kutoka kwenye msumari wa barazani, jiwe limefungwa mwishoni mwake, wakati jirani yake Jeanne alipoingia uani na lulu iliyofungwa katika jani la mgomba.

"Mama Safi, mutoto ametuma ingine. Nimeikuta ndani ya firigisi ya kuku."

"Aksanti. Kuku alikuwa munene?"

"Munene wapi! Lulu njo ilikuwa kitu kinene ndani yake."

Mwavita aliiosha, akapima tundu lake kwa sindano, akaketi kazini. Ilikuwa lulu ya mia na mbili kurudi katika mkufu wa bibi yake. Sasa ilibaki moja tu.

Mtaa mzima uliijua kazi ile. Uzi huvutwa na jiwe kwa siku mbili ili usije ukalegea shingoni, na ncha yake hupakwa nta ya nyuki. Lulu ikishaingia, mfungaji huzungusha uzi kwenye vidole viwili na kuupitisha mkufu mzima ndani ya kitanzi. Kisha huchomeka sindano katika fundo lililo wazi, hulisukuma taratibu hadi liiguse lulu, huchomoa sindano na kukaza kwa ukucha wa dole gumba. Mkufu mrefu hauna kishikizi: mwisho wake hufungwa na mwanzo wake, nao huvaliwa kwa kupitishwa kichwani. Bibi yake Mwavita, aliyeurithi mkufu huo kwa wazee wake wa Kasongo, alikuwa akisema kwamba hakuna uzi usiokatika. Mkufu wenye mafundo hupoteza lulu moja; usio na mafundo hupoteza zote.

Mwaka 2001, vita vilipoufunga mji wao wa kando ya Lualaba, treni ilikuwa haifiki na hariri ilikuwa haipatikani. Safi, binti yake Mwavita, alikuwa anaolewa Ijumaa. Mwavita alizitunga lulu kwa nailoni ya kushonea nyavu. Nailoni huteleza, haishiki fundo. Akaziacha hivyo, akasema atayafunga mafundo amani ikirudi. Alimketisha binti yake kwenye kigoda, akasimama nyuma yake, akamvika. Kwenye bariyeri, kizuizi cha wanajeshi barabarani, mwanajeshi mmoja alitia kidole katika mkufu akavuta. Wasichana waliokuwa wakimsindikiza Safi walikimbia. Safi aliinama kuziokota lulu za wazee wake. Wale waliofika nyumbani walikuwa na neno hilo moja tu la kusimulia: aliinama.

Lulu ya kwanza ilirudi miaka mitatu baadaye, ndani ya mchele kutoka Kailo. Ya pili ilikuwa katika tumbo la samaki wa Lualaba, na ya tatu ndani ya birika la udhu. Mwavita alizifunga kwa hariri, kila moja na fundo lake. Zilipotimia kumi na mbili, kandambili zikasikika uani. Zilipotimia arobaini, baraza ikanuka mafuta ya karafuu aliyopakwa bibi arusi asubuhi ile. Zilipotimia sabini, Safi mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kigoda, bado ana miaka kumi na minane, amewapa watu mgongo. Aliyezunguka ili amtazame mbele aliukuta mgongo vilevile. Baadaye watu waliacha kuzunguka, kwa adabu. Walimsalimia mabegani, nayo mabega yakainuka kidogo kuitikia. Kila Jumatatu Mwavita alimsuka nywele.

Alichokuwa akikitamani ni uso. Alikuwa amekwisha kusahau ni jicho lipi lililokuwa dogo kuliko mwenzake, la kulia au la kushoto.

Wiki iliyofuata, Félicien, mkuu wa ofisi mojawapo mjini, alisimamisha pikipiki mbele ya nyumba. Mkononi alikuwa na kitambaa.

"Jambo, mama. Banasema wewe njo fundi wa mafundo. Mutoto wangu anaolewa Jumamosi. Hii utamufungia kwa uzi. Nangojea hapa hapa."

Ndani ya kitambaa mlikuwa na lulu kubwa kuliko zote, yenye doa la rangi ya chai. Ndiyo iliyokuwa ikikaa katikati ya kifua.

Mwavita aliushusha mkufu wake, akaanza kazi.

"Ule njo mutoto wako?" Félicien aliuliza, akielekeza kidevu. "Mbona haangalie huku?"

"Anangojea."

"Batoto ya leo habana heshima."

Lulu ilipoteremka mahali pake, shingo ya Safi iligeuka. Sikio lilionekana, kisha hereni, kisha shavu. Lilibaki fundo moja, kazi ya pumzi mbili, na sindano ilikuwa tayari ndani ya kitanzi. Hapo Mwavita akausimamisha mkono.

"Chef, hii uliitoa wapi?"

"Niliokota kwa bariyeri, wakati wa vita. Basichana banakimbia, mumoja akainama."

"Na ule aliinama, akaenda wapi?"

Félicien alitazama saa yake. "Mama, ile ilikuwa vita. Na huu mukufu wote ni wa nani? Mimi nilileta lulu moja tu."

Akanyoosha mkono, akavuta. Fundo halikuwa limekazwa. Lulu iliteleza kutoka kwenye uzi bila kelele, kama zilivyoteleza zote mwaka ule. Aliaga kwa heshima, akawasha pikipiki.

Shavu likarudi, kisha hereni, kisha sikio.

"Ungefunga kwanza, ukauliza kisha," alisema Jeanne, bila kumlaumu.

"Nilijua. Lakini miaka yote hii sikupata mutu wa kuuliza."

Walikwenda wote wawili mahakamani kushtaki. Karani aliliandika jina la Safi kwa mwandiko mzuri, akauliza kama ni marehemu au yu hai. Mwavita alijibu kwamba yuko nyumbani. Karani akalifunga daftari.

Jumamosi msafara wa harusi ulipita na honi zake. Félicien aliketi mbele, na watu wa pande zote mbili za barabara walimpungia mikono. Mwavita aliupaka uzi nta. Alifunga fundo, akaacha nafasi ya upana wa lulu moja, akaunganisha mwisho na mwanzo kwa fundo la mwisho, akalikaza kwa ukucha. Kisha alisimama nyuma ya binti yake, akampitishia mkufu kichwani. Mabega yakainuka kidogo. Akaitafuta ile nafasi kwa kidole, akauzungusha mkufu taratibu hadi nafasi ikakaa mbele, katikati ya kifua, mahali ambapo Mwavita haoni.