Ncha Iliyogonga Mbao

Tangu Jumamosi kila mtu alikuwa akimtetea Wanjira, na utetezi huo ulimtafuna kuliko matusi.

Alizaliwa Lyon, Ufaransa, mama Mfaransa, baba Ndegwa wa mtaa wa Mountain View. Sasa ana miaka ishirini na miwili, na mchezo wake ni upanga, ule wa kuvaa nguo nyeupe na barakoa ya wavu, waya ukipita mkononi hadi kwenye mashine. Ukimchoma mwenzako, taa yako inawaka. Kule Ufaransa alikuwa mzuri, lakini wazuri kule wamejaa tele na hakuna aliyekuwa akimuulizia. Basi akaamua kuichezea nchi ya babake. Mtu asidhani hilo ni jambo la kusaini na kwenda zako. Alikaa miaka mitatu nje ya mashindano ya kimataifa akingoja ruhusa, na akitaka kurudi alikotoka, angengoja mitatu mingine.

Akaja kukaa kwa cucu yake, mama mzazi wa Ndegwa, bibi ambaye naye anaitwa Wanjira, maana mjukuu ndiye aliyerithi jina lake. Mama huyo alikuwa ameshalitangazia kanisa zima kwamba dunia italiona jina lake mgongoni mwa mjukuu. Wanjira hakuwa na moyo wa kumwambia kwamba mgongoni huandikwa jina la baba.

Nafasi ya kwenda kutafuta tiketi ya Olimpiki ilikuwa moja. Aliyekuwa akiisubiri kabla Wanjira hajashuka kwenye ndege ni Emmah, msichana wa Kangemi, aliyefunzwa miaka tisa na kocha Kiilu katika ukumbi wa kanisa, mara nyingi mashine ikiwa mbovu.

Jumamosi wakakutana kuigombania kwenye ukumbi mmoja Kilimani. Walifika pointi kumi na nne kwa kumi na nne, na ya kumi na tano ndiyo ya ushindi. Wanjira akajirefusha kuuchoma mguu wa Emmah, taa yake ikawaka, mwamuzi akampa pointi, mchezo ukaisha. Hakuna aliyepiga makofi. Emmah hakupinga. Alisimama tu akimtazama kupitia wavu, akingoja, kisha akavua barakoa na kumpa mkono.

Baadaye Kiilu ndiye aliyemweleza. Huku wanachezea juu ya mbao, na ncha ikigonga mbao taa huwaka vilevile, kana kwamba imemgonga mtu. Mwamuzi hana macho miguuni. Kwa hiyo wanafunzi wa Kiilu wana desturi yao: ukigonga sakafu, unainua mkono mwenyewe, unasema "sakafu," na pointi inafutwa. Mwenzako hakuulizi, kwa sababu kukuuliza ni kukuita mwongo. Kule Ufaransa, mashindano makubwa huchezewa juu ya chuma, na ncha ikikigonga chuma hicho, taa haiwaki.

"Wewe haukuwa unajua," Kiilu alimwambia kwa upole. "Kwenu mashine ndio husema."

Kila mtu alilipokea neno hilo kwa mikono miwili. Hakujua, maskini. Cucu alilisema, wachezaji wenzake wakalisema, na Wanjira mwenyewe alilisema mara mbili, tena kwa sauti ya kuumia.

Jumatatu asubuhi wakaitwa wote wawili kwenye ofisi ya chama cha mchezo huo, ghorofa ya nne katikati ya jiji. Kiilu ndiye katibu pia, na jina lilitakiwa kutumwa kabla ya saa sita. Kompyuta ilikuwa wazi mbele yake, jina la Wanjira limeshaandikwa.

"Mimi nataka hii maneno iishe bila kinyongo," alisema. "Wanjira hakujua mambo ya sakafu. Emmah, unaonaje?"

"Kama hakujua, coach, mimi sina shida. Tuma tu." Emmah alikuwa ameipakata pasipoti yake, maana wote wawili waliambiwa waje nazo. Kisha akageuka. "Lakini nikuulize kitu moja, Wanjira. Ulihisi?"

Kiilu alikunja uso. Miaka yote hiyo hakuwahi kumsikia mwanafunzi wake akiuliza hivyo.

Jibu la uongo lilikuwa tayari mdomoni, limeshatamkwa na watu wote wema aliowajua. Lakini mkono wa mchezaji haudanganyiki. Mguu wa mtu ukiuchoma, upanga unapinda taratibu. Mbao hukurudishia mshtuko mkavu hadi kwenye kiwiko. Wanjira aliujua mshtuko ule kabla taa haijawaka. Aliujua, akakumbuka miaka mitatu, akaogopa, akanyamaza. Na aliyaona macho ya Emmah yakimngoja.

"Nilihisi," alisema.

Kiilu alivua miwani. "Wanjira, fikiria vizuri. Hii ikitoka hapa hairudi."

"Nimefikiria tangu Jumamosi, coach. Ilikuwa mbao."

Mzee aliigeukia kompyuta, akaanza kulifuta jina. Alinyoosha mkono kuomba pasipoti ya Emmah, akaifungua. Kurasa zote zilikuwa safi, bila muhuri hata mmoja. Wanjira alitazama pembeni. Alijisikia mdogo, na alichukia kwamba hata sasa sehemu fulani ya moyo wake ilitaka kushukuriwa.

Alimfuata Emmah ngazini ghorofa zote nne, wakatokea barabarani kati ya wachuuzi wa chaja na vifuniko vya simu.

"Emmah. Pole."

Emmah alisimama. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Ungesema Saturday, pale mbele ya watu, hata ungenishinda hiyo pointi ingine, ningekupenda," alisema. "Leo umenirudishia tu kitu yangu."

Akavuka barabara na wengine, taa za kusimamisha magari zikiwa bado nyekundu.