Mtamba wa Mzee Baltazar na Kwaki Topu Nne

Mzee Baltazar alimpa binti yake mpaka jioni hiyo. Ama akubali kazi ya kufundisha aliyotafutiwa na mjomba wake pale Bagara, ama aeleze huko chuoni anarudia nini. Bila baraka ya baba, Evelyne asingeondoka kijijini Nakwa.

"Baba, Ulaya kuna mtambo chini ya ardhi, unagonganisha chembe ndogo kupita kiasi. Mara chache sana huzaliwa kwaki topu nne kwa mpigo. Hizo ndizo chembe za msingi nzito kuliko zote tunazozijua. Zikizidi tulivyotegemea, basi kuna kitu kigeni kinachozizalisha. Mimi nachambua taarifa zake kwenye kompyuta."

"Na zisipozidi?"

"Tutajua hakipo upande huo."

"Yaani nimesomesha mtu wa kurudi mikono mitupu!"

Mama yake, aliyekuwa akipeta mbaazi, alicheka mpaka ungo ukayumba.

Mara ikaonekana mtamba wa mzee, ng'ombe jike ambaye bado hajazaa, hajarudi na wenzake kutoka malishoni. Majirani wakaitana, na kama kawaida yao kila mmoja akapewa upande wake. Evelyne akapewa mashamba ya kuelekea Mutuka. Aliporudi, magoti yamejaa tope, alimkuta jirani yao Marcelino, baba yake Ursula, amefika.

"Mtoni hayupo," Marcelino alikuwa akisema.

"Asante sana, Baba Ursula. Kaa, unywe chai," mzee akamjibu.

"Mutuka nako hayupo," Evelyne akasema.

"Una hakika?"

"Nimepita kila mstari wa mbaazi."

"Asante, mwanangu. Basi tupandishe watu mlimani." Mzee akammiminia chai kwa mkono wake mwenyewe.

Evelyne akakishika kikombe bila kunywa. "Baba, mbona unanishukuru, nami nimerudi mikono mitupu?"

Marcelino akapiga paja. "Mzee, umekamatwa!"

"Ngoja kwanza. Mtamba wangu namjua rangi. Hicho kitu chako kigeni hata rangi hukijui."

"Ndiyo maana naangalia nyayo, baba. Hizo kwaki ndizo nyayo."

Mzee akamwangalia yale magoti yenye tope.

"Usije ukasema umepita kila mstari kumbe umeruka."

"Siruki, baba."

Mzee akatoa simu, akampigia yule mjomba. "Shemeji? Ile nafasi mpe mwingine. Evelyne ana kazi. Kazi gani? Aa, atakueleza mwenyewe, mimi niache nipande mlimani."