Sura za Mikate

"Mimi nisahau mkate wa mtu?" Tahar aliwauliza wanawake wa mtaa, mikono kiunoni. "Dukani nilikuwa nalitazama zulia mara moja tu, nakwambia limefumwa na mama gani na siku hiyo aligombana na nani. Mkate ndio utanishinda?"

Duka lenyewe lilishakufa. Watalii waliadimika mjini Fes, mazulia yakauzwa kwa bei ya matambara, na shemeji yake, yule anayecheka kwa pua, akamwahidi kazi ya kufagia ghala. Tahar akaona bora moto. Akakodi tanuri la mtaa, ambako kila nyumba huleta mikate yake mibichi juu ya ubao, bila alama yoyote, na mwenye tanuri anatakiwa aijue kwa sura kama mwalimu na wanafunzi wake. Akichanganya, wanawake wanahamia tanuri la mtaa wa pili, naye anahamia kwenye ufagio wa shemeji.

Mwanzoni mambo yakaenda. Kisha Alhamisi moja paka akampita katikati ya miguu, Tahar akapepesuka, mikate yote iliyoiva ikamwagika sakafuni. Yote mviringo, yote ya kahawia, yote inamkodolea macho kama ndugu wa tumbo moja. Akatazama huku na huku. Hapakuwa na mtu ila mjane Mennana, amesinzia benchini akipasha magoti yake joto. Basi akaipangusa, akakisia, akagawa huku anatabasamu kama bwana harusi aliyesahau jina la bibi harusi.

Kesho yake akaingia Lalla Zhor, yaani Bibi Zhor, mwanamke ambaye ulimi wake umeshafukuza waokaji wawili. Tahar akaanza kuvua aproni mwenyewe.

Lakini Lalla Zhor akashusha sauti. Mumewe, ambaye hajawahi kusifu kitu kisicho mpira wa miguu, jana alimaliza mkate mzima na kumbusu mkono. "Ule ulikuwa na mbegu za shamari ndani, haukuwa wangu, Sidi Tahar. Najua, na wewe unajua. Nataka huohuo tena, na mume wangu asisikie."

Hapo ulimi wa muuza mazulia ukaamka. Tahar akaeleza kwamba mambo hayo hayaji hivihivi: alimchunguza yule bwana kwa siku nyingi, akapima ladha yake, akapitia mikate ya mtaa mzima, ndipo akamteulia ule wenye mbegu za shamari, kama mtu anavyolinganisha zulia na sebule. Lalla Zhor akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Akaahidi kuwaleta na dada zake watatu kutoka tanuri la mtaa wa pili.

Benchini, alikosinzia tena kama jana, Mennana akafumbua jicho moja.

"Wa shamari ni wangu," akasema. "Mimi jana nilitafuna wako, Zhor, meno yangu bado yanakusalimia. Ila nieleweshe, mwanangu Tahar. Aliyeteua ni wewe, au yule paka?"