Miaka Mitatu Aliyoongezewa Leodgar

"Mama, mtoto huyu ana miaka mingapi?" hakimu aliuliza.

Ilikuwa mahakama ya watoto, Tabora mjini: chumba kidogo, mlango umefungwa, wambea wote nje. Recheli wa Isevya alimtazama mwanawe Leodgar. Kijana huyo na wanaume wawili wenye ndevu zao walimpiga nondo dereva wa bodaboda pale Cheyo, wakampora pikipiki, wakanaswa njia ya Nzega. Dereva, Luhende, bado yuko wodini, mkono umefungwa plasta. Recheli akimkumbuka, kiganja kinamuwasha kumzaba mwanawe kofi hapo hapo.

Mezani palikuwa na karatasi mbili. Kadi ya kliniki, kuukuu: Leodgar ana miaka kumi na sita. Kiapo cha kuzaliwa, chenye sahihi ya Recheli: kumi na tisa. Alikiapa mwaka jana kwa wakili, maana tajiri mwenye pikipiki hakutaka dereva mtoto. Leodgar akapewa pikipiki, na kijiweni ndiko alikowapata hao wenye ndevu.

"Kama ni kumi na tisa," hakimu akasema, "kesi inakwenda mahakama ya wakubwa. Unyang'anyi wa silaha ni miaka thelathini."

"Sema kweli, dada," alinong'ona Eustadia, afisa ustawi wa jamii.

"Mama, nyamaza!" Leodgar akasema. "Ukikubali ulidanganya, watakufunga wewe."

Hapo hasira ikampasuka Recheli. "Leo ndiyo unajua huruma? Mkono wa Luhende uliuhurumia? Mtoto wa watu, anatafuta ugali kama wewe!" Akamgeukia hakimu. "Mheshimiwa, nilidanganya. Ni kumi na sita. Wakili hakuniuliza hata kadi, aligonga muhuri, akaita, 'Anayefuata!' Tajiri alimwona kidevu kitupu, akampa ufunguo. Polisi wakamlaza wiki tatu na wanaume wazima. Wote hao wana macho! Lakini sahihi ni yangu."

Hakimu aliandika, akaandika. Kesi itabaki mahakama ya watoto. Leodgar asilale tena na wakubwa. Recheli aende na askari, akaandike maelezo ya kiapo cha uongo.

Alipompita mwanawe alisimama. "Siku ukitoka, utakwenda kumfulia Luhende nguo mpaka mkono wake upone. Umesikia?"

"Ndiyo, mama."

Akamfuata askari. Nanyi mnaopanga foleni kwa wakili, kadi ya kliniki mmeificha sandukuni, mtazameni anavyokwenda.