Mwale wa Mashine ya Dada

Kitaa chekundu cha kifaa nilichokiunda kiligoma kuzimika. Nilibadilisha transista, nikabadilisha betri, nikakisonya. Kiliendelea kunikodolea tu pale mezani, chini ya taa yangu ya balbu.

Kazi yake ilikuwa moja: kuwaka kikipigwa na mwale wa leza ambao macho hayauoni. Kiwandani kwa dada yangu, mashine ya kukata maboksi ilikuwa na mwale kama huo mbele ya kisu. Mkono ukiukatiza, kisu kinasimama. Lakini wiki ile kisu kilikata ncha ya mkono wa koti lake. Alipolalamika, msimamizi alimjibu, "Mwale upo. Wewe utauonaje?" Kuujaribu kwa kipande cha mbao kulikatazwa, eti kisu kitaharibika. Miaka imepita, na nikilikumbuka neno hilo bado damu inanichemka.

"Fundi redio, bado tu?" dada alinitania. Alikuwa amekalia redio mbovu kibandani kwangu, mlango tumeufunga kwa sababu ya vumbi.

"Niache, dada. Hiki kitu kina wazimu."

Umeme ukakatika. Kitaa nacho kikazimika. Nilitaka kukibamiza ukutani.

"Ngoja," alisema gizani. "Si kina betri yake? Mbona kimezimika pamoja na balbu?"

Ndipo nikaelewa. Balbu inayopata moto kama ile nayo hutoa mwanga usioonekana, na mimi siku nzima nilikuwa nimekimulika nayo. Nilipapasa rimoti ya televisheni, ambayo nayo hutoa mwanga kama huo, nikakielekezea, nikabonyeza. Kikawaka. Dada alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi nilitamani kulia.

Kesho yake, saa ya mapumziko, nilimpelekea chakula, kifaa kikiwa mfukoni. Visu vilikuwa vimesimamishwa, lakini miale huachwa ikiwaka. Kwenye mashine ya jirani yake kiliwaka. Kwenye yake, hakuna kitu. Nilikisogeza juu, chini, pembeni. Safari hii nilikiomba kiwake, na hakikuwaka.

Msimamizi alitukuta hapohapo. "Ondoa kidude chako! Mwale upo. Haya, washeni mashine!"

Nilianza kumweleza habari za mwanga kwa hasira. Hakunisikiliza hata nusu. Dada akanivuta pembeni.

"Sawa, bosi," alisema. "Basi pitisha mkono wako."

Kisu kilipanda, kikashuka, kikapanda tena. Wafanyakazi wote walikuwa wamegeuka kutazama. Msimamizi alikitazama kisu, akamtazama dada, kisha akatia mikono yote miwili mifukoni.